Miezi saba na FetHead, huku Kadutu

FetHead ni kibomba kidogo cha kuongezea sauti ya mikro nguvu, na hiki ni kisa cha jinsi nilivyokifikia. Shemeji yangu anaimba kama mtu anayebembeleza mtoto aliyekwisha kusinzia. Korali yetu hapa Kadutu, mjini Bukavu, inampendea hilo hilo, lakini kwa anayerekodi nyumbani ni mtihani. Mikro yangu ni Shure SM58, ile ya jukwaani inayotengenezwa tangu 1966, na kadi ya sauti, kile kisanduku kinachoingiza mikro kwenye kompyuta, ni Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha 3, inayokuza hadi desibeli 56. Wale kaka wa besi, nikifika nusu ya kitufe cha kukuza wameshajaa. Kwa shemeji nilizungusha mpaka kitufe kikagoma, na bado sauti yake kwenye skrini ilibaki nyembamba kama uzi. Nikiikuza baadaye ndani ya kompyuta, inapanda na ule mchirizo wake wa shhhh, utadhani kuna mtu anakaanga sambaza nyuma yake.

Kabla ya kutoa hata dola moja niliipima mikro. Naam, niliipima kwa mizani. SM58 za bandia zimezagaa, zinafanana na zenyewe mpaka maandishi, lakini nyingi ni nyepesi. Kiwanda kinasema ina gramu 298. Jirani yangu anaoka keki za harusi na ana mizani ndogo ya betri, nikamwomba. “Papa, sasa hii nayo inaingia kwenye unga?” akaniuliza. Ikasoma 299. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani nikijua kwamba mikro haina kosa.

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Nilinunua dbx 286s iliyotumika, iliyoletwa kutoka Marekani. Ni priampu, yaani kikuza sauti ya mikro, na ni nzuri, sitaisema vibaya: ndani yake mna kompresa ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, mna geti ya kunyamazisha kelele mwimbaji akinyamaza, na mna kile kidhibiti cha “s” ambacho kilinifurahisha kuliko vyote, maana shemeji akifika kwenye “Yesu” au “asifiwe”, ile “s” yake inakata masikio. Lakini nyuma ya yangu pameandikwa volti 120, na ukutani kwetu zinatoka 220. Nikatafuta transfoma sokoni Nyawera. Transfoma ikaja na wimbo wake, mmmmm, ikiungurumia ndani ya kila rekodi mpaka nilipoisogeza mita mbili kutoka kwenye waya wa mikro.

Juu ya hilo, wiki nzima ya kwanza nilichomeka kimakosa. Priampu ikishakuza, kinachotoka kina nguvu ya laini, siyo tena ya mikro. Mimi nilikiingiza kwenye XLR ya kadi, ile tundu ya mikro yenye pini tatu, kikakuzwa mara ya pili, sauti ikatoka imekwaruzwa kama redio ya zamani. Kinatakiwa kuingia kwa jeki, na kadi uiambie kwamba ni laini. Naandika hili kwa sababu nimekuta vijana wawili wanaofanya vile vile na kulaumu kifaa.

Lakini kilichonitoa roho ni umeme. Jioni moja shemeji alipata ile siku ambayo mwimbaji anaipata mara chache. Ubeti wa kwanza, mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Ubeti wa pili, taa ikazima mtaa mzima. Yeye alikuwa amefumba macho, hakujua. Kompyuta iko kwenye betri, kadi inakula kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo rekodi inaendelea kukimbia kama hakuna kilichotokea. Ni priampu tu iliyokufa. Nikawa nakodolea macho ule mstari ulionyooka kabisa kwenye skrini, huku nyuma yangu mtu anaimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba. Nilishindwa kumkatiza. Nilimwacha amalize.

Hapo ndipo nilipoagiza FetHead, ya Triton Audio. Imenigharimu dola 95 pamoja na mzigo kupita Kigali na Kamembe mpaka mpakani. Ni kibomba cha chuma, kirefu kama kidole, hakina kitufe hata kimoja. Unakichomeka kwenye mkia wa mikro, waya unaingia upande wa pili, basi. Kinaishi kwa zile volti 48 ambazo kadi inazituma kwenye waya, na kadi inazipata kwa USB. Maana yake, priampu yangu sasa inatumia betri ya kompyuta. Kwa mtu wa Bukavu, mimi nasema hiyo ndiyo sifa ya kwanza, hata kabla ya sauti.

Kwenye karatasi kinaongeza desibeli 27. Kwangu, kile kitufe kilichokuwa mwisho kimerudi katikati, na sehemu za juu za sauti ya shemeji zinagusa kama desibeli −12 kwenye skrini, panaponitosha. Mchirizo umepungua. Haujaisha, na anayekuambia utaisha anakuuzia kitu. Priampu ya Scarlett yenyewe si ya kelele nyingi. Tofauti utaisikia pale anapovuta pumzi kabla ya mstari, au neno linapofifia. Zamani pale palikuwa na sambaza. Sasa pana pumzi.

Ubaya wake ni kwamba hakichagui cha kukuza. Jogoo wa jirani naye amepanda. Jenereta ya kule chini barabarani, watoto, mlango. Na mvua! Kuanzia Septemba mpaka Mei, mvua ya Bukavu ikipiga mabati, hakuna chuma cha dola 95 wala cha dola elfu kitakachokusaidia. Sisi tunarekodi baada ya saa nne usiku, blanketi mbili zimetundikwa nyuma ya mwimbaji, mdomo upana wa kiganja kutoka kwenye mikro.

Kingine: mikro imekuwa ndefu, na stendi yangu ni ya bei rahisi, inainama polepole katikati ya wimbo. Nimeweka jiwe kwenye mguu wake.

Usikiweke kwenye mikro ya kondensa, ile inayohitaji umeme wake, kwa sababu FetHead ya kawaida inazila zile volti 48, haipitishi chochote kwenda kwenye mikro. Ipo nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya mikro hizo. Cloudlifter inafanya kazi ile ile, desibeli 25, ila ni kaboksi kanakodai waya wa pili, na mimi waya za kukanyagwa ninazo za kutosha. Kama ndiyo kwanza unanunua kadi, tazama Scarlett 2i2 ya kizazi cha 4: inafika desibeli 69, na kwa SM58 huenda usihitaji kibomba chochote. Ila kama umetamani SM7B ya watu wa podikasti na kadi yako ni ya zamani kama yangu, hesabu kabisa na bei ya kibomba, maana mikro ile inatoa sauti ndogo kuliko hata SM58, karibu desibeli 4.5 chini.

Ile 286s bado iko mezani, natumia kile kidhibiti cha “s” mchana umeme ukiwa umetulia.

Wimbo tuliurudia mwezi uliofuata. Haukuwa kama ule wa kwanza, lakini ulitoka. Umeme ulikata tena, nadhani kwenye kiitikio, sikumbuki vizuri kwa sababu hakuna aliyeacha kazi yake. Shemeji alipomaliza ndipo akafumbua macho, akaniomba tochi ya simu atafute kandambili zake.