Prague, Vienna na Budapest mwezi wa Januari: uzoefu wangu kwa treni

Kama uko Ulaya kimasomo au kikazi na mfuko wako si mnene, ukiamua kwenda Prague (Czechia), Vienna (Austria) na Budapest (Hungaria) nenda Januari, usiende Desemba. Najua picha zinazozunguka kwenye simu ni za masoko ya Krismasi, taa na vikombe vya mvinyo wa moto. Lakini Desemba bei ya vitanda inapaa, na uwanja mkuu wa Prague unafurika watu mpaka unatembea kwa kuombana njia. Baada ya tarehe 6 Januari vibanda vinabomolewa, wageni wanarudi makwao, na hosteli zinaanza kukubembeleza kwa bei. Mimi nilikwenda katikati ya Januari na rafiki yangu, dada mmoja mwenyeji wa Tanga tunayesoma naye Leipzig, Ujerumani. Mimi mwenyewe ni wa Mombasa, kwa hiyo chukua maoni haya kama ya mtu aliyekulia kwenye joto.

Kila ninayemsimulia safari hii huniuliza baridi ilikuwaje. Baridi ilikuwepo, na siku nyingi kipimo kilikuwa kwenye sifuri au chini yake kidogo, lakini mtu hujifunika yakaisha. Kinachokusumbua ni giza. Kabla ya saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, na asubuhi halichomozi mpaka karibu saa mbili. Ukiamka saa nne kama mtu aliye likizoni, umeshapoteza robo ya mwanga wa siku. Hata milango inafuata jua: majengo ya ndani ya ngome ya Prague, miezi hiyo, yanafungwa saa kumi kamili jioni. Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu: kukiwa na mwanga tuko nje, na likiingia giza tuko ndani. Utaona nikiieleza miji hii kwamba alama nilizoipa zinatokana sana na jinsi kila mmoja unavyokufaa baada ya saa kumi na moja jioni.

Kuhusu nguo, usinunue koti huko kama bado uko nyumbani. Koti langu zito nililinunua kwenye mitumba ya soko la Kongowea, kwetu Mombasa, na lebo yake ilikuwa ya Kijerumani, kwa hiyo lilikuwa linarudi kwao tu. Pesa uliyookoa itie kwenye buti zenye soli nene na soksi za sufu, maana baridi ya mawe ya barabarani inapandia miguuni. Ndani vaa nguo za kubana za kuhifadhi joto. Na mafuta ya nazi yaache nyumbani. Chupa yangu iliganda kwenye begi ikawa kama mshumaa, nikalazimika kuichovya kwenye maji ya moto kila asubuhi ili nipate tone la kupaka, na ngozi ilikuwa imepauka hasa kwa ule upepo mkavu wa vyumba vyenye hita. Mafuta mazito ya mgando ndiyo yanafaa.

Kutoka Dresden, Ujerumani, mpaka Prague ni zaidi ya saa mbili, na sehemu kubwa ya njia treni inaambaa na mto Elbe, magenge ya mawe yakiinuka kando ya maji. Keti upande wa mto. Prague kwenda Vienna ni kama saa nne, na Vienna mpaka Budapest haifiki saa tatu. Tiketi tulizikata mapema mtandaoni, ikawa nafuu kuliko tulivyotarajia.

Prague nimeipa saba juu ya kumi. Ni mji mzuri kuliko yote mitatu kwa macho, hilo sibishani na mtu. Daraja la Charles, ambalo mfalme Charles IV alianza kulijenga mwaka 1357, ukilikuta saa mbili kasoro asubuhi unaliona jua likichomoza nyuma ya minara na huna haja ya kudamka usiku wa manane kama wale wa kiangazi. Zile sanamu 30 zilikuwa na theluji mabegani na kulikuwa na mpita njia mmoja na mbwa wake. Kanisa kuu la Mtakatifu Vitus lilianza 1344 likamalizika 1929, kwa hiyo wanaolalamika kwamba miradi ya barabara kwetu inachelewa wana pa kujifariji. Ndani ya kanisa hilo kuna baridi kuliko nje.

Lakini kilichonisimamisha Prague ni saa. Saa ya mnajimu iliyo ukutani mwa ukumbi wa mji wa kale imekuwepo tangu 1410, na kila saa inapogonga watu hujazana kutazama sanamu za mitume zikipita dirishani na kiunzi cha mifupa kikivuta kamba ya kengele. Pembeni ya kile kiunzi kuna Mturuki anayetikisa kichwa, na yaonekana mchongaji hakumpenda Mturuki. Onyesho lenyewe ni fupi, watu wanapiga picha wanaondoka. Wewe usiondoke. Tazama ile pete ya nje kabisa, nyeusi, yenye tarakimu za dhahabu za mtindo wa kale. Hiyo inahesabu saa kuanzia jua linapozama. Magharibi ndiyo saa 24, na ikipita saa moja baada ya hapo, ni saa moja. Nilimwonyesha rafiki yangu, akacheka kwa sauti mpaka mzee mmoja akageuka. "Kaka, hawa walikuwa wanahesabu kama sisi!" Karibu kama sisi, kwa kuwa wao waliendelea moja kwa moja mpaka 24, wala hawakuanza upya asubuhi. Na kuna tofauti nyingine inayoonekana pale pale kwenye ukuta: pete yao inasogea, inazunguka polepole kufuata msimu, kwa sababu jua lao Juni linazama saa tatu usiku na Januari saa kumi na dakika. Sisi wa karibu na ikweta jua halituhamii, kwa hiyo saa zetu zilitulia zikadumu. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi, na sijutii.

Kwa nini basi saba? Kwa sababu likiingia giza, mji wa kale unabaki baa na maduka ya zawadi. Sisi hatunywi, na ule mkate wa kuzungushwa kwenye moto unaouzwa kila kona kwa jina la trdelník ni sukari tupu, bei yake haina uhusiano wowote na unga uliomo. Halafu kuna mambo ya pesa. Wanatumia koruna, na katikati ya mji utaona maduka ya kubadilisha fedha yaliyoandika kwamba hayatozi kamisheni. Katika moja tulilopita, kiwango kilichobandikwa kwa maandishi makubwa kilikuwa cha mteja anayenunua euro kutoka kwao, na kile cha anayewauzia euro kilijificha chini kwa maandishi ya kuchungulia. Hatukubadilisha. Ikiwa wewe umeshanaswa, jua kwamba tangu 2019 sheria ya Czechia inakupa saa tatu za kurudi na risiti na kudai muamala ufutwe, mradi kiasi hakizidi thamani ya euro 1,000. Rahisi zaidi ni kulipa kwa kadi, na mashine ikikuuliza ukatwe kwa sarafu gani, chagua ya pale pale ulipo.

Vienna ni ghali na haifichi. Nimeipa nane. Mji huu umejengwa kwa ajili ya kukaa ndani: majumba ya makumbusho, mikahawa, muziki. Kwenye mkahawa wa zamani unaagiza kahawa moja, inakuja kwenye sinia dogo na glasi ya maji, na unakaa mpaka uchoke mwenyewe, magazeti yametundikwa kwenye vijiti vya mbao. Hakuna anayekuja kufuta meza kwa mbwembwe ili uondoke. Mhudumu wetu alikuwa na uso wa kununa, lakini nimeambiwa kununa ni sehemu ya huduma.

Jumba la opera la taifa lilifunguliwa 1869, na viti vizuri bei yake ni ya kukaa nyumbani. Ila wana tiketi za kusimama, zinazouzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha, na baadhi ya nafasi hizo ziko chini kabisa, nyuma ya watu waliolipa mamia ya euro. Ukishapata nafasi yako, unafunga skafu kwenye reli iliyo mbele yako, na hapo pamekuwa pako. Unaweza kwenda chooni au kunywa maji, hakuna atakayegusa. Nilitazama mabibi wa makamo waliovaa lulu wakifunga skafu zao kwa fundo moja tu la haraka, bila kutazama, nikajua hao ni wenyeji wa pale. Mbele ya kila nafasi kuna kioo kidogo kinachoonyesha maneno yanayoimbwa kwa lugha unayochagua. Miguu itauma. Opera ndefu usianze nayo.

Mahali ambapo Mkenya asipakose ni makaburi ya Habsburg, ukoo wa kifalme uliotawala Austria, chini ya kanisa la watawa wa Kapuchini. Kuna majeneza ya metali yaliyotiwa nakshi kupita kiasi, na moja lina fuvu lililovishwa taji. Katika chumba cha mwisho mwisho wamelala watatu: Kaizari Franz Joseph katikati, upande mmoja mkewe Elisabeth, na upande mwingine mwana wao Rudolf. Huyu Rudolf ndiye aliyepewa ziwa letu. Mwezi Machi 1888 kabaila wa Kihungaria Sámuel Teleki na ofisa wa wanamaji Ludwig von Höhnel walifika Ziwa Turkana, wakaliita Ziwa Rudolf kwa heshima yake, kana kwamba Waturkana na Wael Molo hawakuwa na jina la kuliita. Januari 1889, kabla hata mwaka haujatimia, mwanamfalme akajiua kwa bastola huko Mayerling, karibu na Vienna, pamoja na binti aliyekuwa naye. Ziwa likaendelea kubeba jina la marehemu mpaka 1975. Msafara wa Teleki ulianzia Pangani, na wapagazi wengi waliandikwa Unguja. Rafiki yangu, ambaye Pangani kwao ni jirani, alilitazama lile jeneza kwa muda kisha akasema, "Basi mizigo yote ile walibeba babu zetu, na jina akapewa huyu ambaye hata hakwenda." Sikuwa na la kuongeza.

Budapest inapata tisa, na ile moja niliyokata ni kwa ajili ya bei ya mabafu ya Széchenyi: zaidi ya forinti 10,000 kwa siku, na ilikuwa inapanda. Lakini nenda. Panda metro ya mstari wa kwanza, iliyofunguliwa 1896, ya kwanza ya umeme katika bara la Ulaya ukiitoa London. Mabehewa yake ni madogo ya njano, ngazi za kushuka ni chache, na kituo kiko karibu na mlango wa mabafu. Jengo ni la 1913, na maji yanatoka ardhini yakiwa na zaidi ya nyuzi 70 kabla ya kupozwa. Chukua kandambili na taulo yako mwenyewe. Kutoka mlangoni mpaka kwenye bwawa la nje ni hatua chache za mawe yenye baridi, unakimbia huku unatetemeka, halafu unaingia kwenye maji ya moto mpaka shingoni na kichwa kinabaki kwenye baridi. Mvuke ni mzito hata humuoni aliye mbele yako. Wazee wanacheza sataranji majini, ubao uko ukingoni, na nywele zao zina barafu. Tuliingia saa tisa alasiri kusudi giza litukute mle ndani. Hapo ndipo usiku wa mapema, uliokuwa unatuudhi Prague, ukawa faida: taa zinawashwa, mvuke unakuwa wa njano, na bado ni saa kumi na moja.

Kwa mtu wa pwani napendekeza pia Rudas, hamamu ya karne ya 16, enzi za Waturuki walioutawala mji huu kuanzia 1541 mpaka 1686. Ina kuba lenye matundu ya kupitisha mwanga na bwawa la pembe nane chini yake. Tulipokwenda kulikuwa na siku za wanaume na siku ya wanawake, na wikendi watu wanachanganyika, kwa hiyo soma ratiba kabla ya kulipa.

Usiku, panda tramu namba 2 inayopita kando ya mto Danube utazame bunge likiwa limewashwa taa. Karibu na hapo, ukingoni, kuna viatu vya chuma vilivyowekwa 2005 kukumbuka Wayahudi waliopigwa risasi na kutupwa mtoni 1944 na 1945. Tulivikuta vina theluji ndani, vya watoto vikiwemo. Usivipande kwa ajili ya picha.

Kuhusu karatasi: ukiwa na kibali cha ukaazi cha Ujerumani huhitaji viza nyingine kwa nchi hizi tatu, unaruhusiwa siku 90 ndani ya 180. Kadi hiyo iandamane na pasipoti halisi, si picha kwenye simu. Tulipokuwa tunarudi polisi walipanda treni mpakani wakakagua behewa zima, na aliyeanza kuulizwa, sitashangaa kama umeshabuni, ni mimi. Dakika mbili wakaenda zao. Tiketi za karatasi za mijini nazo zigonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, kwa sababu Budapest wakaguzi wanasimama kwenye mlango wa metro na hawataki hadithi.