Mazoezi ya Kiingereza yaliyomkosesha mpishi wetu tipu

Fedha yangu siidai tena, imekwenda. Ninachodai ni jibu la swali moja nililouliza Alhamisi moja usiku, nikazimiwa maiki.

Mimi ni msaidizi wa mwongoza watalii, napandisha wageni Kilimanjaro, mara nyingi kwa njia ya Machame. Kiingereza cha kusalimiana ninacho siku nyingi. Kinachonisumbua ni yale maneno madogo yanayokaa mbele ya kitenzi: must, can, may, should, have to. Mlimani maneno hayo ndiyo kazi yenyewe. Ukimwambia mgeni "you will vomit" badala ya "you may vomit", umemtia hofu hata kambi ya Shira hajafika. Ukimwambia "you should tell me" kuhusu kichwa kinachomuuma, ataona ni ushauri tu, atanyamaza, na huko juu hali itakuwa imeshaharibika. Kwa hiyo kabla ya msimu nikalipia programu ya simu yenye mazoezi ya maneno hayo, ngazi ya kati, pamoja na darasa la video kila Alhamisi.

Zoezi lililoniponza lilikuwa na nafasi ya kujaza: "You ___ wear a tie. It's optional," yaani tai ni hiari. Nikajaza mustn't. Alama nyekundu. Nikawaza: must ni lazima, not ni si, basi mustn't ni si lazima. Kosa liko wapi? Nikabonyeza nione maelezo. Hakuna maelezo, kuna "Jaribu tena" na kikatuni kinachopunga mkono.

Alhamisi nikasubiri zamu yangu. Nikauliza kwa Kiswahili, maana swali lenyewe lilizaliwa kwenye Kiswahili: "Mwalimu, samahani, kwa nini 'si lazima' isiwe mustn't?" Mwalimu ni Mtanzania mwenzangu, lafudhi yake haijifichi. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba humu ni Kiingereza tu. Nikajaribu kwa Kiingereza, nikakwama katikati ya sentensi. Ndipo akasema, safari hii kwa Kiswahili safi kabisa: "Kaka, kama hili linakushinda rudi kwa wanaoanza, usitupotezee muda." Nikabaki natazama ile alama ya maiki iliyopigwa mstari mwekundu. Wenzangu kimya, hakuna aliyetia neno.

Nikarudi kwenye mazoezi, nikawa nabahatisha. Majibu ya kuchagua ni mawili matatu tu, ukikosa hili unajaribu lile, mwisho nyota inawaka. Nyota zote za must nilizipata. Programu ikanipongeza.

Sasa sikieni kilichotokea. Usiku wa mwisho, kambi ya Mweka, mzee mmoja na mkewe wakanivuta pembeni. Walikuwa wanapanga bahasha za tipu, wakaniuliza kama ni lazima mpishi apewe ya kwake. Mimi nimelelewa kutomdai mgeni. Nikajibu kwa adabu, nikikusudia kusema si lazima, ni hiari yenu: "You must not tip the cook." Wakatazamana, wakaitikia kwa kichwa, bahasha moja ikarudi mfukoni.

Kesho yake getini wagumu, yaani wapagazi wetu, wamepata, mimi nimepata, mpishi hakupata kitu. Mtu aliyekuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala siku zote sita. Alikuwa anafuta sufuria aifunge kwenye mzigo, akaniuliza taratibu bila kuinua uso: "Kwani wageni hawakupenda chakula?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kulijua kosa langu wiki kadhaa baadaye, yule mama aliponiandikia kuuliza kwa nini kampuni yetu inakataza wapishi wasipewe tipu. Nikampelekea mpishi nusu ya tipu yangu nyumbani kwake. Alipokea, lakini nilipomweleza habari za must alinitazama tu.

Aliyenifumbua macho ni dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, tukiwa tunamenya ndizi za mtori. Akafuta mikono, akaandika nyuma ya kalenda mistari miwili: "Si lazima utoke." "Lazima usitoke." Akaniuliza, hako kaneno ka kukataa kamekaa wapi? Kwenye mstari wa kwanza kameondoa ulazima, kwenye wa pili kamezuia kutoka. Mustn't ni ule wa pili. Wa kwanza ni don't have to. Basi. Hata sufuria ilikuwa haijabandikwa. Akanifungulia na lingine: "She must be tired" si amri hata kidogo, ni sisi tunaposema "atakuwa amechoka". Programu ilikuwa imenitupia sentensi hiyo katikati ya mazoezi ya amri bila neno lolote.

Hapo ndipo hasira iliponipanda upya. Kiswahili alichonikataza yule bwana ndicho kilichobeba jibu!

Lakini nisiwadhulumu. Sehemu ya kusikiliza ni nzuri, tena nzuri sana. Inakupa sentensi mbili zinazofanana na wewe useme ipi ni can na ipi ni can't. Miaka yote nilikuwa natega sikio niisikie ile t ya mwisho, kumbe Wamarekani wengi hawaitamki waziwazi. Cha kusikiliza ni irabu: can ndani ya sentensi humezwa, inabaki kama "kn", ila can't irabu yake inatoka nzima. Msimu huohuo, juu ya kambi ya Barafu, usiku wa kupanda kileleni, dada mmoja Mmarekani alinong'ona meno yakigongana kwamba hahisi vidole vya miguu. Nilisikia irabu nzima. Nikamsimamisha, tukavua buti, nikavishika vidole kwa viganja mpaka joto likarudi. Zamani ningesikia "I can feel my toes", nikamwambia vizuri, twende. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota tano.

Kwa hiyo ukinunua, nunua kwa ajili ya sikio. Alhamisi kaa na familia yako. Nimewaandikia mara mbili kuhusu mwalimu wao, mara mbili nimeletewa jibu lilelile: asante kwa maoni yako, tunayathamini.

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimewawekea nyota tatu kwa ajili ya vile vidole. Nimefika hapa nikamkumbuka mpishi na sufuria yake, nimeondoa mbili. Mwalimu akijibu swali langu, kwa lugha yoyote anayotaka, nitazirudisha.