Haller Park Mombasa: twiga ni sawa, ila tazameni na chini

Juzi nimeenda Haller Park pale Bamburi na wanangu wawili pamoja na mavyaa wangu, na nasema kabisa ntarudi. Miaka yote napita hiyo barabara ya Malindi nikijua ni pahali pa kuona twiga na kiboko basi, kumbe pale palikuwa timbo. Kiwanda cha simiti kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950, wakachimba wee mpaka pakabaki uwanja mweupe wa jua kali, hakuna nyasi hakuna mdudu, na ukishuka kidogo tu unakutana na maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 ndo René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kujaribu miti, aina 26, zilizoshika tatu tu.

Mmoja ni mvinje, na huo ndo umebeba kazi yote. Mizizi yake inakaa na bakteria wanaoipa naitrojeni kutoka hewani kwa hiyo uliweza kumea juu ya jiwe tupu, ila majani yake yakidondoka hayaozi upesi, yakawa yanajazana tu chini, mpaka wakaletwa majongoo wayale, na kinyesi chao ndo kikawa udongo. Yaani msitu mzima ule umesimama juu ya kinyesi cha jongoo! Jamaa aliyekuwa anatutembeza akafukua majani makavu kwa kijiti, akatoka jongoo mweusi miguu myekundu, mnene kama kidole changu, na binti yangu mdogo ambaye nyumbani akiona mende anapanda kitandani akachuchumaa pale hataki kuondoka. Mi nikachota udongo kidogo, mweusi, laini, unanukia kama mvua ya kwanza, nikakwaruza zaidi na kucha nikagonga jiwe jeupe. Hapo mwili ulinisisimka kwa kweli.

Halafu mabwawa. Yako kwenye mashimo yaleyale ya kuchimbia mawe, pembeni bado unaona kuta za timbo zimekatwa wima, sasa zimefunikwa na mizizi na kijani. Samaki wapo, ndege wa majini wapo, tulikaa kimya kama nusu saa tukimtazama korongo mmoja amesimama mguu mmoja hatikisiki, mavyaa akasema hajapumzika hivyo tangu mwezi wa Ramadhani uishe.

Wanyama wakubwa sina la kuongeza sana, twiga unawalisha mkononi ulimi wao mrefu unakwaruza kiganja, mamba wako nyuma ya ua. Mwanangu mkubwa alitaka kujua habari za Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaletwa hapa akamganda kobe anayeitwa Mzee kama mamake, na kobe wakubwa wenyewe utawakuta wanajikokota njiani, wapisheni tu.

Ushauri wangu, vaeni viatu vya kufunika vidole, bebeni maji, na ndizi zikae ndani ya mkoba, tumbili alituchomolea moja mkononi mwa mtoto akalia sana. Nendeni asubuhi kukiwa baridi mtembee polepole kwenye mivinje kwanza, kiboko baadaye. Na huyo anayewatembeza mwambieni awafukulie majani muone jongoo, asipowaambia mwenyewe muulizeni.