Nimehamia Firefox kwenye Android, na sababu kubwa si kasi

Simu nyingi za Android huja na Chrome ikiwa imeshawekwa, na wengi wetu huishia hapo hapo. Mimi sasa natumia kivinjari cha Firefox kwa karibu kila kitu, na kilichonisukuma ni injini, yaani ile sehemu ya ndani inayosoma msimbo wa tovuti na kuugeuza kuwa ukurasa unaouona.

Ukiingia kwenye duka la programu utakuta vivinjari tele: Edge, Brave, Opera, Vivaldi, Samsung Internet. Nembo ni tofauti, ila ndani vyote hivyo vinaendeshwa na Blink, injini ya mradi wa Chromium unaoongozwa na Google. Firefox ina Gecko, injini ya Mozilla, watengenezaji wake wenyewe. Wenye iPhone wasichanganye mambo: kwa miaka mingi Apple imevitaka vivinjari vyote vitumie WebKit, injini ile ile ya Safari, kivinjari chake, kwa hiyo Firefox yao siyo hii ninayoisifu. Umoja wa Ulaya ndio uliotangulia kulegeza kamba kwa sheria yake ya masoko ya kidijitali. Huko, tangu iOS 17.4 ya Machi 2024, injini nyingine zinaruhusiwa na mtumiaji huletewa orodha ya vivinjari achague mwenyewe.

Raha yangu ya kila siku ni nyongeza, vile viprogramu vidogo unavyoweka ndani ya kivinjari. Ya kwanza kuweka ni uBlock Origin, inayozuia matangazo. Zamani nilikuwa nikisoma habari, tangazo linaingia katikati ya aya, maandishi yanashuka, kidole kinaangukia nisipopataka. Siku hizi ukurasa umetulia na bando linadumu. Sehemu ya anwani nimeiweka chini, kidole gumba kinaifikia bila shida.

Kero ipo, na haitokani na kivinjari. Kuna tovuti ya malipo ninayoitegemea. Najaza kila kitu, nikifika mwisho kitufe cha kuthibitisha hakibonyezeki. Nikawaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu nitumie kivinjari kingine. Jibu hilo liliniuma kweli. Viwango vya wavuti viko wazi kwa kila mtu, kisha fundi anajaribu kazi yake kwenye injini moja tu na kuona amemaliza! Tukizidi kupungua sisi wa injini nyingine, ndivyo tutakavyozidi kusahaulika. Kwa ajili ya tovuti hiyo nimelazimika kubaki na kivinjari cha pili.

Ukitaka kujaribu, usiishie kupakua. Fungua mipangilio ya simu, tafuta programu chaguomsingi, ubadilishe kivinjari hapo, la sivyo viungo vitaendelea kufunguka kwenye kile cha zamani. Kwenye iPhone jambo hili linawezekana tangu iOS 14 ya mwaka 2020. Programu za mitandao ya kijamii nazo mara nyingi hufungua viungo humo humo ndani, hata ukishabadilisha. Angalia kwenye mipangilio yake kama kuna sehemu ya kuzima hilo.