Fort Jesus Mombasa: uzoefu wangu, na kwanini msiishie kwenye mizinga

Ukienda Fort Jesus ukapiga picha na mizinga alafu ukatoka, hela yako umeitupa. Nasema hivo sababu wengi ndo wanavofanya, hata sisi wa hapa hapa Mombasa, tunapita pale mbele tukienda Mji wa Kale, tunakunywa madafu, ngome yenyewe tunaiona ukuta tu. Mie nimeenda juzi na mpwa wangu wa gredi ya sita na nimetoka na mengi ya kuwaambia.

Kwanza chukueni mtu wa kuwatembeza, patananeni bei kabla hamjaanza. Wetu ni mzee mmoja mwenye Kiswahili cha Mvita kitamu mpaka unataka asinyamaze. Akaanza na ujenzi, kwamba Wareno waliijenga kuanzia 1593 mpaka 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, ramani ikachorwa na Mtaliano anaitwa Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Mpwa wangu akamuuliza, "Babu, sasa hapa tumesimama wapi, tumboni?" Mzee akafurahi, basi kila tulipofika anamwambia huu mkono, huu mguu, na mtoto ngome nzima ikamkaa kichwani.

Sasa kilichonishika mie ni vitu vya ile meli. Wakati Waomani wameizingira ngome, mzingiro ulioanza 1696 ukaisha 1698, ilikuja meli ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanna, kuwasaidia wenzao waliokuwa wanakufa njaa na magonjwa humo ndani, nayo ikazama 1697 hapo hapo mbele ya ngome. Ikakaa chini ya maji karibu miaka 280 mpaka wapiga mbizi wa utafiti walipoichimba, 1977 hadi 1980. Vitu walivyovitoa ndo vimewekwa humo, mitungi, vyombo vya kauri, vitu vya mabaharia vya kila siku. Kuna mitungi bado ina alama za chumvi na viumbe wa baharini walioishikilia, weupe weupe, mkwaruzo mkwaruzo. Nimesimama hapo nikawaza kuna mtu alitoka na mitungi hiyo India akijua anapeleka chakula kwa wenzake, na wenzake wako juu ya ukuta wanaiona meli inavozama. Alafu unatoka nje hatua chache tu, unachungulia ukutani, maji yenyewe haya hapa. Hicho ndo kitu ambacho makumbusho mengi hayana. Nimeshaingia maonyesho mahali pengine, jina silitaji, kila kitu kimetoka mbali kimewekwa kwenye kioo na kikaratasi, unasoma unasahau. Hapa kitu kiko kwao.

Cha pili ni ule ukuta wa michoro. Wanajeshi wa Kireno wamekaa lindo hawana la kufanya, wakachora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, meli, samaki, hata kinyonga. Michoro ya karne ya 17 na mkono wa mtu unauona kabisa, pale alipokandamiza na pale alipoachia. Meli zao wamezichora na milingoti na kamba zake, manake walizijua vizuri, watu hawa walikuwa wanawaza kwao tu. Msipite haraka hapo jamani, wengi wanapita kama choo.

Mengine ni mazuri pia. Mifupa ya nyangumi watoto wanaipenda sana, Nyumba ya Waomani ina mapambo ya kina mama na ukipanda juu unaona Mji wa Kale wote na mlango wa bahari. Waingereza nao waliifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958, makumbusho ikafunguliwa 1960, na 2011 UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia. Hiyo habari ya jela mie ningependa watu waiulizie zaidi, sababu waliofungwa humo ni watu wa kwetu na wajukuu zao wako hapa hapa mjini.

Nendeni asubuhi, adhuhuri yale mawe yanawaka na kivuli hakitoshi. Vaeni viatu vya kushika, ngazi zingine zimelika zinateleza. Mkaaji wa Kenya analipa chini ya mgeni kwahivo bebeni vitambulisho. Tengeni masaa matatu kama mna watoto wanaouliza, na mkiwa na mtu mzima asiyeweza kupanda kuta mwacheni atulie upande wa maonyesho, vitu vya meli peke yake vinamtosha. Kwangu nyota tano, na mpwa wangu ameshaniambia skuli ikifunga tunarudi na dada zake.