Huduma ya kulinganisha matumizi ya joto la nyumba: uzoefu wangu

Huduma ninayoitumia inasoma mita yangu na kunionyesha nyumba inavyotumia nishati ya kupasha joto ikilinganishwa na nyumba "zinazofanana". Uzuri wake mkubwa ni kwamba data yote ya kila siku inapakuliwa kwenye lahajedwali. Lakini ile nafasi wanayokupa, kwamba uko juu au chini ya wastani, mimi siitegemei.

Wanachukua jumla ya kilowati-saa (kWh) na kuigawa kwa mita za mraba, basi. Humo kuna maji ya kuoga na pengine gesi ya kupikia, kwa hiyo familia ya watu watano itaonekana inafuja hata kama kuta zake ni bora kuliko za mtu anayeishi peke yake. Hawaulizi pia ndani mmeweka nyuzi ngapi. Nje kukiwa nyuzi 5, nyumba yenye nyuzi 22 inapoteza joto kwa tofauti ya 17, na yenye nyuzi 19 kwa tofauti ya 14. Kuta zilezile, lakini ya kwanza inapoteza takriban asilimia 21 zaidi.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni la pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Umeme wake unahesabiwa kama ulivyo. Pampu inayotumia kWh 4,000 na kuzidisha mara tatu huingiza ndani joto la kWh 12,000. Boila ya gesi (mtambo wa kuchemshia maji ya kupasha nyumba) yenye ufanisi wa asilimia 90 huchoma kama 13,300 kutoa joto hilohilo. Mwenye pampu anawekwa kileleni, anaamini dari lake limehamiwa vizuri (limezuiwa kupitisha joto), kumbe joto linapaa. Kwa nishati nyingine, kadiria kWh 10 kwa lita ya mafuta ya kupashia joto, 10 hadi 11 kwa mita ya ujazo ya gesi asilia, na 4.8 kwa kilo ya peleti za mbao (vipande vidogo vya mbao iliyoshindiliwa), kisha zidisha kwa ufanisi wa boila.

Ninavyolinganisha mimi ni kwa digrii-siku, yaani kipimo cha baridi ya nje ya kila siku. Chagua joto la msingi, lile ambalo nje kukishuka chini yake nyumba huhitaji kupashwa joto (Uingereza hutumia 15.5, Marekani 65 za Fahrenheit, yaani 18.3), toa wastani wa joto la nje wa siku hiyo, jibu likiwa hasi, andika sifuri. Siku yenye wastani wa nyuzi 6, kwa msingi wa 15.5, ina 9.5. Jumlisha kwa wiki, weka digrii-siku kwenye mhimili wa chini na kWh kwenye wa wima, kisha chora mstari ulionyooka. Mstari unapokata mhimili wa wima ndipo yalipo maji moto na jiko. Mteremko wa mstari ndio nyumba yenyewe, yaani inavyopoteza joto.

Tuseme mteremko ni kWh 6 za gesi kwa digrii-siku. Zidisha kwa 1,000, gawa kwa 24: wati 250 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Ondoa hasara ya boila, zibaki 225. Kwa eneo la mita za mraba 120 linalopashwa joto kweli (gereji usiihesabu) ni wati 1.9 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi. Namba hii ndiyo ya kumpelekea jirani mlinganishe.

Usitumie siku mojamoja: kuta nzito hutunza joto la jana, nukta zinatawanyika. Wiki ambazo nyumba ilikuwa tupu zitoe. Nukta za wiki za vuguvugu zikilala bapa kabla ya kufika sifuri, msingi uko juu mno. Ushushe digrii mojamoja, hasa kwa nyumba iliyohamiwa vizuri. Jiko la kuni lisilo na mita hushusha mteremko kwa uongo. Fleti ya katikati nayo hupokea joto la majirani, usiipambanishe na ya juu kabisa chini ya paa.

Kabla hujalipia huduma ya aina hii, uliza kama usomaji wa mita ni halisi au wa kukadiria. Kama ni wa kukadiria, huo mstari hautakuambia kitu.