Crematogaster mimosae na Crematogaster sjostedti: nani mpangaji bora wa mgunga?

Kiuainishaji, sisimizi hawa wa nyanda za Laikipia, Kenya, ni ndugu wa karibu: oda Hymenoptera, familia Formicidae, nusufamilia Myrmicinae, jenasi Crematogaster. Mchokoze yeyote kati yao, atainua tumbo lake lenye umbo la moyo hadi juu ya mgongo. Ndiyo alama ya jenasi nzima. Wote hukaa kwenye mgunga wa spishi ileile, Vachellia drepanolobium.

C. mimosae hulala ndani ya miiba iliyovimba na hunywa maji matamu yanayotolewa na majani. Tembo akigusa tawi, humiminika kwa mamia na kumng'ata hadi ndani ya mkonga. Hufuga pia wadudu-gamba wanaofyonza mti, kwa hiyo ulinzi wake una gharama.

C. sjostedti hana haja na miiba. Makao yake ni ndani ya mbao zenyewe, kwenye mashimo yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa, na huwaachia mbawakawa hao waendelee kutoboa. Ulinzi wake ni hafifu.

Kwa upande wa mti, mimi namchagua C. mimosae bila kusita. Lakini anahitaji tembo na twiga wawepo! Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba migunga iliyozungushiwa uzio wa kuzuia wanyama wakubwa tangu 1995 ilipunguza miiba na maji matamu, C. mimosae wakapungua, C. sjostedti wakatwaa miti, na miti ikakua polepole na kufa zaidi.